Chumba cha Giza cha Mzee Mchiwa

Wanangu mnaopiga picha za eksirei siku hizi, hamjambo. Mimi hapa Zuzu, nje kidogo ya Dodoma mjini, sijambo, isipokuwa magoti, na hayo nayajua kuliko daktari anayenitibu.

Aliyenifanya nishike kalamu ni Neema. Neema ndiye msimamizi wa eksirei kwenye kituo cha afya kimoja upande wa Haneti, kituo ambacho nilikifungulia huduma hiyo nikiwa msichana na kukiacha nikiwa bibi. Wiki mbili zilizopita alinipigia simu.

"Shikamoo Bibi Zuhura."

"Marahaba, mwanangu. Kwema?"

"Kwema, Bibi. Samahani nakusumbua. Kile kistoo kilichoshikana na chumba cha eksirei tunataka kukibomoa ili tupanue. Sasa fundi kaingia, katoka anacheka. Anauliza nani alijenga vile. Hakuna mlango, unaingia unakutana na ukuta, unageuka unakutana na ukuta mwingine. Anasema aliyejenga alikuwa amelewa."

Nilicheka mpaka nikakohoa, halafu nikakasirika. Aliyejenga kile chumba alikuwa mzima kabisa. Aliitwa Mzee Yohana Mchiwa, fundi mwashi, Mgogo wa huko huko, na katika watu walionifundisha kazi, pamoja na walimu wangu wa chuo, sijamheshimu mtu kama yeye. Nilimwambia Neema asimruhusu fundi wake kugusa kitu mpaka nimweleze. Alikubali, ingawa nilisikia kwenye sauti yake kwamba anamvumilia bibi kizee. Basi nilimweleza, nanyi msikilize.

Nyie picha mnaiona kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajavaa shati. Sisi tulikuwa na filamu. Filamu ilikaa ndani ya kaseti, sanduku bapa lisilopitisha mwanga. Ukishapiga picha, unaichukua kaseti mpaka chumba cha giza, unaifungua, unaibana filamu kwenye hanga, yaani fremu ya kuiningʼinizia, unaizamisha kwenye tangi la dawa ya kwanza, tuliyoiita developa, unaisuuza, unaitia kwenye fiksa, dawa ya pili inayoikaza picha isifutike, halafu unaiosha kwa maji mengi na kuianika. Mpaka ifike kwenye fiksa, mwanga wowote ukiigusa, hata uzi mwembamba wa jua, imekwisha. Inatoka na ukungu wa kijivu, na mfupa uliovunjika unafanana na mfupa mzima. Taa iliyoruhusiwa ni moja tu, ndogo, nyekundu, na hata hiyo uwe umeipima.

Niliajiriwa nikitokea chuoni, na kwetu ni Kolo. Kazi niliyopewa ilikuwa kusimamia ujenzi wa chumba cha giza. Mashine yenyewe ilikuwa bado kwenye sanduku la mbao kwenye bohari Dodoma mjini. Nikaambiwa wazi: mkaguzi wa mkoa atakuja siku fulani, akikipitisha chumba mashine inaletwa, akikikataa inapelekwa wilaya nyingine, kwa sababu wanaoisubiri ni wengi. Hapakuwa na nafasi ya pili.

Mjue hilo lilikuwa na maana gani kule. Mtu akivunjika mguu alipakizwa kwenye lori juu ya magunia ya alizeti mpaka mjini, barabara ile ya wakati ule, kila shimo analipigia kelele. Wengi hawakwenda. Walifungwa vijiti nyumbani, wakapona walivyopona.

Mzee Mchiwa alikuwa mmoja wao. Alianguka kutoka kwenye paa la tembe alilokuwa akilijenga, akavunjika mguu wa kulia chini ya goti, na mtu mmoja aliyesifika kwa kuunga mifupa akauunga kwa kupapasa. Uliunga, lakini uliunga kombo. Alitembea akiutupa mguu pembeni, na kupanda ngazi kulimgharimu. Siku ya kwanza tulipoonana nilimwamkia, akaitikia, akanitazama juu mpaka chini, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, hiyo mashine itaona ndani ya mguu?"

"Itaona, babu."

"Basi tuijengee nyumba."

Nilikuwa na mchoro wangu. Nilijivunia sana mchoro ule. Chumba mraba, mlango mmoja mzito wa mbao wenye mpira pembeni, na komeo ndani. Mzee hakujua kusoma, lakini mchoro aliuelewa upesi kuliko wenzangu wa chuo. Aliuweka chini, akaweka jiwe juu yake usipeperuke, maana upepo wa Haneti mnaujua.

"Ukiwa ndani unafanya kazi yako, na mwenzako anataka kuingia?"

"Anasubiri."

"Na wewe ukizimia humo kwa hewa ya dawa, na komeo umefunga?"

 Na mbao zenyewe, akasema, kiangazi zitakauka na kupasuka, na huo mpira vumbi litaula. Kisha akaniuliza kama nimewahi kulala kwenye tembe. Nikamwambia sijawahi. Akanichukua mpaka kwake.

Wanangu, ambao hamjaona tembe: ni nyumba ndefu ya miti na udongo, paa lake bapa limefunikwa udongo pia. Nje ilikuwa saa sita, jua linachoma macho. Tuliingia chumba cha mbele, tukageuka, tukapita upenyo, tukageuka tena, tukawa kwenye chumba cha ndani anapoweka vibuyu vya maziwa na nafaka. Sikuona hata mkono wangu. Na hatukufungua wala kufunga mlango wowote.

"Umeona?" aliniuliza, nami nikamjibu kwamba sioni kitu. Alicheka sana.

"Hewa inakata kona," alisema. "Mbuzi anakata kona. Ndama wangu anakata kona gizani bila kujigonga. Mwanga peke yake ndio haujui kukata kona. Ukikutana na ukuta, basi."

Baadaye nilikuta kitabuni kwamba njia ya kupinda ni namna mojawapo inayokubalika duniani kote ya kuingilia chumba cha giza. Chuoni tuliipita haraka, nami niliiona ni ya hospitali kubwa. Mzee hakuwa amekiona hicho kitabu. Alikuwa na tembe la baba yake.

Basi nikachana mchoro wangu, tukaanza upya kwa kuchora chini kwa kijiti. Njia ikapinda mara mbili. Matundu ya hewa tukayapinda vilevile, moja chini upande wa kivuli, jingine juu upande wa pili, kila moja na kona zake. Ukuta wa magharibi aliujenga mnene mara mbili, kwa sababu jua la alasiri lingechemsha developa, na developa ikipata joto inaharakisha picha mpaka inaungua. Mabati tuliyawekea dari mbili. Nilitaka matangi na meza ya kufungulia kaseti vikae bega kwa bega ili nisitembee sana. Mzee akaniuliza hayo matangi yana nini. Nikamweleza.

"Mke wangu haweki unga karibu na mtungi wa maji," alisema. "Wewe wako unaweka?"

Tukaweka meza kavu ukuta huu, matangi ukuta ule. Miaka yote iliyofuata niliona vituo vingine wanalia kwamba kaseti zao zimeharibika kwa matone ya fiksa, nami nikawa namkumbuka mke wa Mzee Mchiwa na unga wake.

Sasa nifike kwenye aibu yangu.

Rangi ilikuwa kazi yangu. Mzee aliniambia kabisa kwamba rangi si fani yake, niamue mimi niliyesoma. Nikaamua. Chumba kinaitwa cha giza, kwa hiyo ndani nikapaka nyeusi, kuta zote na dari. Na ile njia ya kupinda, kwa kuwa inaanzia kwenye korido ya kituo, nikaipaka rangi ya maziwa inayong'aa, kama korido zote za hospitali mnazozijua. Ikapendeza. Nikaingia ndani, nikatazama huku na huku, giza totoro. Nikatoka nikamwambia Mzee tumemaliza. Zilikuwa zimebaki siku tatu mkaguzi aje.

Kesho yake nikajaribu filamu moja. Humo ndani, kwenye weusi mtupu, nilijigonga meza, nikaangusha hanga ndani ya tangi na kuitafuta kwa mkono mpaka kwenye kiwiko. Ile filamu ambayo haikupigwa picha yoyote ilitakiwa itoke angavu. Ilitoka ya kijivu. Nikajaribu nyingine, ya kijivu. Nililaumu filamu, kwamba zimepitwa na wakati. Nikalaumu dawa. Nikalaumu maji ya kisima, ambayo kweli yana chumvi, lakini chumvi huacha madoa meupe tu, haileti ukungu. Nilikaa kwenye kizingiti nikalia. Sioni haya kuwaambia. Niliona sanduku la mashine linapakiwa kwenda kwingine, na watu wa Haneti wanaendelea kupanda juu ya magunia kwa sababu yangu.

Mzee Mchiwa alikuja akiutupa mguu wake, akanikuta.

"Uliingia humo ukatazama kwa muda gani?"

"Nilitazama tu, babu. Ni giza."

"Muda gani?"

Nikamwambia labda dakika moja. Hakunigombeza. Alichukua ndoo mbili, akazipindua, akasema twende tukakae. Ilikuwa kama saa saba mchana, jua kali, na hiyo nayo mkumbuke: chumba cha giza hupimwa mchana wa jua. Tukakaa. Nikaanza kuongea, akaniambia ninyamaze. Alinusa ugoro wake. Sijui zilipita dakika ngapi. Kwanza sikuona kitu. Halafu nikaona kiatu changu.

Nilishtuka. Nikaona na ndoo aliyokalia. Kisha pale njia inapoishia nikaona weupe mwembamba, kama maziwa yaliyomwagika ukutani. Mwanga wa nje ulikuwa unagonga ile rangi yangu ya kung'aa, unarushwa ukuta wa pili, unarushwa tena, unaingia. Mzee alikuwa amejenga njia ambayo mwanga hauwezi kuipita, mimi nikaupakia rangi ya kuusaidia kupita.

"Kwenye tembe kuta za njia ni udongo na moshi," alisema polepole. "Haziurudishi mwanga. Hapa umeuwekea vioo."

Kosa langu lilikuwa la kugeuza. Njia ndiyo ilitakiwa iwe nyeusi. Ndani kulitakiwa kuwe na rangi hafifu, kwa sababu mwanga pekee wa ndani ni ile taa nyekundu iliyopimwa, na unataka huo kidogo usambae ili mfanyakazi aone anachofanya. Nilikuwa nimejifunza hilo chuoni na kulijibu kwenye mtihani, na nikapata! Lakini nilipokuwa na brashi mkononi, neno "giza" lilinizidi akili.

Kwa ndani tulikuwa na rangi ya maziwa ya kutosha. Kwa njia, rangi nyeusi niliyokuwa nayo ilikuwa ya mafuta, inayong'aa, na nyeusi inayong'aa nayo hurusha mwanga. Kupata isiyong'aa ilibidi kwenda mjini na kurudi, na lori lilikuwa limeshapita. Mzee Mchiwa aliomba mkaa. Akautwanga kwenye kinu, akauchekecha kwa kitenge cha mkewe mara mbili tatu mpaka ukawa laini kuliko poda, akauchanganya kwenye rangi yangu kidogo kidogo huku akipaka majaribio kwenye tofali na kulipeleka juani. Tofali la kwanza liling'aa, na la pili vilevile. La nne lilikuwa kama tako la chungu, jua linaanguka juu yake halirudi. Akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo, alivyozoea.

Tulipaka siku ile na kesho yake. Mguu ulikuwa unamuuma, nikaona anavyoung'ang'ania ukuta kila akiinama, nikamwomba apumzike niendelee. Akaniambia, "Mjukuu, wewe ushapaka vya kutosha." Niliipokea lawama hiyo.

Mkaguzi alikuja na shati jeupe na haraka zake. Aliingia, akazunguka, akasema pako sawa, tutoke. Mtu mwingine angeshukuru Mungu na kumfungulia gari. Mzee Mchiwa alikuwa ameketi kwenye ndoo yake.

"Mheshimiwa, keti kwanza. Bado hujaanza kuona."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mkaguzi alimtazama yule mzee, akaketi kwenye ndoo yangu. Tulikaa kimya watatu, mimi nimesimama. Baada ya muda mrefu mkaguzi akainua mkono wake mbele ya uso wake, akaugeuza. Akaushusha. Kisha akaomba niwashe taa nyekundu, akatoa sarafu mfukoni, akailaza juu ya filamu, tukaacha hivyo dakika kadhaa. Kama taa ingekuwa mbaya, sarafu ingeacha alama yake. Nikaisafisha filamu ile. Ilitoka angavu kama maji, huwezi kujua sarafu ilikaa wapi.

Mkaguzi alimpa mkono Mzee kwanza, kisha mimi. Nilifurahi kwamba alijua nani wa kuanza naye.

Mashine ililetwa. Nitaruka mengi, ila hili moja siliruki, maana ni la kwetu. Kwetu mtu akibisha hodi, mdomo unajibu karibu wenyewe. Siku moja nina filamu mkononi, nesi akapiga hodi kwenye kona, nami kwa adabu zote nikajibu, "Karibu." Akakaribia, na tochi yake imewaka. Picha ya mbavu za mwalimu mkuu ikateketea, ikabidi arudiwe, na alikuwa mkali huyo mwalimu. Tangu hapo tukawa na sheria: kwenye kona hodi inajibiwa "subiri" tu. Wageni walituona hatuna malezi.

Siku ya kwanza ya kazi, daktari alimwandikia Mzee Mchiwa picha ya mguu, kwa sababu maumivu yalikuwa yamezidi. Nilimpiga mwenyewe. Nilipoingia kwenye njia ile nyeusi na kaseti kifuani, nilipapasa ukuta alioupaka kwa mikono yake. Nikaisafisha filamu, nikaiosha, mwisho nikaisuuza kwa maji ya mvua tuliyoyakinga kwenye pipa, ili chumvi ya kisima isiache doa. Nikamtolea nje ikiwa bado inachuruzika, nikaiinua juani.

Alitazama muda mrefu. Mifupa miwili, na pale ilipovunjika kipande cha juu kimekaa pembeni ya cha chini, vimeshikana ubavu kwa ubavu.

"Fundi gani huyu kajenga hivi?" alisema. "Tofali limetoka nje ya mstari, naye kaendelea tu."

"Hakuona, babu. Alipapasa."

"Ndiyo. Hakuona."

Daktari alimweleza kwamba kwa umri wake ule mguu hautanyooshwa, atapewa dawa za maumivu na fimbo nzuri. Mimi ndiye niliyehuzunika. Yeye aliuliza jambo moja.

"Sasa mtoto akivunjika huku kwetu, mtaona kabla ya kumfunga?"

"Tutaona."

"Basi," alisema, akashika njia, akiutupa mguu wake.

Tuliona, wanangu. Miaka yote ile tuliona. Nimewapita vijana njiani huko Haneti wanakimbiza mpira, nikawajua kwa miguu. Mzee alishatutoka zamani, na ile filamu mkewe alinipa mimi, akisema yeye picha ya mguu ataifanyia nini.

Hayo ndiyo niliyomweleza Neema kwenye simu, kwa kifupi kuliko hapa. Mwisho nikamwambia abomoe. Wagonjwa wanahitaji nafasi, mashine yake ni nzuri, picha zake zinanishangaza, na Mzee mwenyewe asingependa ukuta uzuie kazi. Nilimwomba kitu kimoja tu. Kabla ya nyundo ya kwanza, atoe maboksi, aingie na huyo fundi wake mchana jua likiwa kali, wakae kwenye ndoo, wasiongee, wasiwashe simu.

Juzi alinipigia.

"Bibi Zuhura, tumekaa."

"Muda gani?"

"Dakika ishirini na zaidi. Fundi ndiye alikataa kutoka, alisema labda macho yake bado. Anageuza mkono hivi, anageuza hivi. Bibi, hatukuona kitu. Hata kidogo. Fundi anauliza huyo mzee alikuwa anaitwa nani."

Nikamtajia jina taratibu, aliandike vizuri. Kisha nikaenda dirishani nilipoitundika ile filamu. Haina doa, haijageuka njano, na ule mguu uliokaa kombo unaonekana mpaka ufa wake mdogo wa mwisho.